Dawa ya Kesho

Watu walimwita Bwana Stoo, naye hakuwahi kukasirika, kwa sababu kwake jina hilo lilikuwa sifa. Alitunza ghala la vifaa vya ujenzi mpaka nywele zikageuka rangi, na katika muda wote huo hakuna fundi aliyefika dirishani kwake akaambiwa misumari imekwisha. Mtu wa namna hiyo hastaafu, hata akistaafu. Nyumbani kwake kipande cha sabuni kilibandikwa juu ya sabuni mpya, sahani nzuri zilikaa kabatini zikisubiri wageni ambao hawajazaliwa, na taa ya sebuleni iliwashwa pale tu watu walipoanza kukanyagana. Ukimwuliza, jibu lilikuwa moja: akiba haiozi. Mdogo wake wa kike, ambaye hakuweka akiba ya kitu chochote, hata ya maneno, alimjibu kila mara, "Kweli kaka, haiozi. Anayeoza ni mwenyewe."

Mdogo wake huyo alikuwa msusi. Wanawake walikwenda kwake kusukwa nywele wakatoka mbavu zinauma kwa kucheka, na wengine walirudi kabla nywele hazijachakaa, kwa hamu ya umbea tu. Kisha akaugua. Uvimbe ulianza kwenye titi. Ukakatwa, ukachomwa kwa mionzi, ukanyamaza, watu wakashukuru, kumbe ulikuwa unahamia kwenye mifupa ya nyonga na mgongo. Daktari alimwambia ukweli bila kuzunguka: kuponya haiwezekani tena, lakini kuishi bila mateso kunawezekana, na hiyo nayo ni tiba. Mumewe alikuwa ameshatangulia. Mtoto wake wa pekee, binti waliyemwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi shavuni, alifanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya mji wa mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Basi Bwana Stoo akamhamishia dada yake kwake.

"Mimi nitamtunza," alisema mbele ya wote, na alimaanisha. Hili lisemwe mapema, maana yanayofuata yanaweza kumfanya mtu amdhanie mabaya. Alimpenda mdogo wake kuliko macho yake mawili. Alimfulia mashuka, alimpikia, alimnyanyua kumpeleka msalani, na hakuna siku aliyonung'unika.

Hospitali ilikuwa na kitengo cha huduma shufaa, watu ambao hawaahidi kuponya ila wanapunguza makali ya ugonjwa, na kwa mgonjwa asiyeweza kutoka wanamfuata nyumbani. Sista wa kitengo hicho, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ndiye aliyeleta chupa ya kwanza ya mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Alimwonyesha Bwana Stoo jinsi ya kuivuta kwa sirinji isiyo na sindano, mpaka mstari ule, wala si chini yake, na kumdondoshea mgonjwa mdomoni.

"Kila baada ya saa nne, mzee. Anaumwa, haumwi, mpe. Usingoje mpaka alie. Maumivu ni kama mtoto mtundu, akishaamka kumlaza tena ni kazi."

Bwana Stoo aliitikia kila neno kwa kichwa, na hakulikubali hata moja.

Si kwamba alikuwa mkaidi tu. Mama yao alikufa kwa ugonjwa wa namna hiyohiyo, zamani, na wiki zake za mwisho hospitali haikuwa na kitu. Bwana Stoo, wakati huo kijana, alikwenda kwenye dirisha la dawa akaambiwa imekwisha, akarudi akaambiwa bado haijaja, na mama akaondoka analia kwa sauti ambayo mtu hapendi kumsikia mama yake akiitoa. Tangu siku hiyo aliichukia rafu tupu kuliko shetani. Sasa amepewa chupa mkononi, halafu mtu anamwambia aimimine tu, hata kama mgonjwa hajalia! Hakuna mtunza stoo duniani anayetoa mzigo ambao haujaombwa. Makali yenyewe bado hayajafika, alijiambia. Yakifika, atakuwa na silaha.

Akaanza kuvuta nusu ya kipimo. Na ile nusu aliitoa pale tu dada yake alipokunja uso kweli.

"Dawa ni chache," alimwambia. "Tuibane kidogo, mdogo wangu."

"Haya, kaka. Wewe ndiye mwenye funguo."

Kila alipokwenda hospitali kuchukua nyingine, walimwuliza kama ile ya mwanzo imekwisha, naye alisema imekwisha bila kupepesa jicho. Hakuona kama anasema uongo. Mtunza stoo yeyote anajua kwamba ukitaka kuletewa mzigo kamili, usikiri kuwa bado unao. Akirudi nyumbani chupa mpya iliingia kabatini, nyuma ya zile sahani za wageni, na ufunguo ukarudi mfukoni mwake.

Kicheko kikahama ile nyumba kidogo kidogo. Msusi aligeukia ukutani. Majirani walipokuja kumjulia hali aliwajibu kwa neno moja, naye ndiye mwanamke aliyewahi kusimulia harusi moja kutwa nzima bila kumfikisha bibi harusi ukumbini. Chakula alikirudisha. Sista alipokuja na kumwuliza maumivu yakoje, alimtazama kwanza kaka yake kisha akasema, "Kidogo tu, sista, yanavumilika." Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini huyu hakuwa anaficha maradhi. Alikuwa anamfichia aibu mtu wake.

Hapo katikati Kidoti alikuja, kapewa ruhusa fupi kazini. Aliingia na kitana na mafuta, kwa sababu tangu utoto wake mambo yote makubwa kati yake na mama yake yalizungumzwa kichwa cha mmoja kikiwa mikononi mwa mwingine. Akamwamkia, akaketi ukingoni mwa kitanda amchane. Godoro likabonyea, nyonga ya mgonjwa ikasogea, na mama akapiga yowe.

"Toka! Usiniguse! Nani kakuita hapa?"

Kidoti alisimama na kitana chake kama mtu aliyemwagiwa maji. Alijaribu tena jioni, kwa upole zaidi, akafukuzwa tena. Asubuhi yake akafunga mkoba akaondoka, macho mekundu, anamwambia mjomba wake pale mlangoni, "Hanitaki, mjomba. Sijui nimemkosea nini." Bwana Stoo alimpigapiga begani. "Ugonjwa huo, mpwa wangu. Usiutie moyoni." Aliamini hivyo, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwake wakati anasema.

Kilichokuja kuyafichua yote kilikuwa choo. Naomba radhi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Choo je?" sista aliuliza siku moja, kama alivyouliza kila safari.

"Kizuri, sista," msusi alijibu. "Kila asubuhi, kama saa ya benki."

"Kila asubuhi?"

"Kama unataka ushahidi, subiri kidogo."

Sista hakucheka. Dawa ile ina tabia inayojulikana na kila anayeitumia sawasawa: hufunga tumbo. Ndiyo maana tangu siku ya kwanza aliwaachia pia dawa ya kulainisha choo. Akaitafuta kwa macho, akaiona juu ya meza, kifuniko chake hakijaguswa. Akamgeukia mwenye nyumba.

"Mzee, naomba nione mofini."

Hapa ndipo mtu angetamani kufumba macho. Bwana Stoo alifurahi. Alitoa ufunguo, akatangulia sebuleni, akafungua milango yote miwili ya kabati kwa mpigo kama alivyokuwa akimfungulia mkaguzi wa ghala, akasogeza zile sahani. Chupa zilikuwa zimejipanga, za zamani mbele na mpya nyuma, lebo zote zikitazama upande mmoja.

"Hapa hatuishiwi, sista," alisema, akasubiri kusifiwa.

Sista alichukua chupa moja, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha. Akavuta kigoda akaketi. Alikuwa na hasira, na alijitahidi isisikike chumbani.

"Mzee, hii si akiba. Alikuwa azinywe hizi."

"Za kesho, sista. Kesho ikiwa mbaya zaidi je?"

"Kesho ningekuletea nyingine. Hizi ni za jana na juzi. Zote hizi ni saa ambazo dada yako alikuwa analala pale anauma mto."

Kutoka chumbani ikaja sauti, dhaifu lakini imeshika kiuno, "Sista, usimkaripie. Huyo ni kaka yangu. Karipio lake nitampa mwenyewe."

Kuanzia siku hiyo kipimo kikawa kipimo, na saa ikawa saa. Sista alizichukua chupa za ziada, akaacha moja, akamfundisha upya kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, akarudi kesho yake kupandisha dozi kidogo. Siku mbili za mwanzo mgonjwa alilala tu, na Bwana Stoo alishinda amesimama pale mlangoni akihesabu pumzi zake, anaogopa kwamba sasa ndiyo amemuua. Kisha akaamka, akaomba chai, na chai yenyewe akailaumu.

"Hii umeitia majani au umeyaonyesha tu maji?"

Jamani, alirudi. Alimtaka kaka yake amtoe nje amketishe kwenye kiti chenye mto mbele ya nyumba, na kutoka pale akaendesha mtaa. Mwanamke akipita na nywele zilizosukwa ovyo alimwita, "Njoo hapa. Nani kakufanyia hivyo, na umemshtaki?" Wateja wake wa zamani walileta vigoda wakakaa, na ile harusi ya miaka yote ikasimuliwa upya, safari hii bibi harusi akafika ukumbini, ila amevaa viatu vya watu wawili tofauti. Bwana Stoo alisikiliza kutoka jikoni. Alicheka, na katikati ya kicheko akauacha mwiko ndani ya sufuria. Haya yote yangeweza kuwapo tangu mwanzo. Yalikuwa ndani ya kabati.

Siku moja alimwuliza, akijifanya anapanga mito, "Kwa nini hukusema kwamba unaumia kiasi kile?"

"Ulisema dawa ni chache. Nikaona nisikumalizie."

"Lakini ulijua si chache. Mlango ukiwa wazi, kabati unaliona kutoka kitandani."

"Nilikuona ulivyokuwa ukilifungua, kaka. Tangu uambiwe sitapona, kitu pekee kilichokufurahisha kilikuwa lile kabati. Nikasema nimwachie hilo." Kisha, kwa kuwa hakupenda mtu alie mbele yake bila sababu ya kuchekesha, akaongeza, "Ila wewe ndiye ulikuwa unawahubiria mafundi kwamba saruji ikikaa inakuwa jiwe. Hukuyasikia mahubiri yako?"

Bwana Stoo aliingiza uso kwenye mto aliokuwa ameushika, akalia kama mtoto.

Baada ya hapo msusi alikuwa na ombi moja tu. "Niitie Kidoti."

"Mpigie uongee naye."

"Neno lile si la simu. Nilimfukuza mwanangu, kaka. Nataka nishike kichwa chake nimwambie haikuwa yeye. Akikaa mbele yangu hapa, nitamsuka hata mistari miwili, mikono inanitosha."

Na hapa, msomaji, ungetegemea kwamba mtu aliyechapwa vile na dunia amejifunza. Bwana Stoo alijifunza kuhusu dawa. Alimpigia mpwa wake siku ileile, akamwambia habari njema: mama anakula, anacheka, anawasumbua watu. Kidoti alilia kwenye simu.

"Basi nije, mjomba? Likizo yangu yote ya mwaka iko, sijaigusa. Nikiomba leo, keshokutwa niko njiani."

Bwana Stoo akafikiri. Likizo ya mwaka! Wiki zote zile, zimekaa salama. Sasa mama yake yuko vizuri, watu wako naye, hana shida. Akizimaliza siku hizo kwa kukaa tu na kucheka, na hali ikija kubadilika, mwajiri atamkatalia, naye atabaki huko anahangaika.

"Usiharakishe, mpwa wangu," alisema. "Zitunze. Siku nitakapokuhitaji kweli utakuja na nini? Tusubiri mwisho wa mwezi tuone."

Kidoti alikuwa bado na jeraha la siku ile, na mtu mwenye jeraha hupata haraka sababu ya kutosogea. "Sawa, mjomba. Kama unaona hivyo. Msalimie."

Alipomwambia dada yake kwamba Kidoti atakuja mwisho wa mwezi, msusi alimtazama muda mrefu. "Ngojangoja huumiza matumbo, kaka," alisema. Lakini alikuwa anatabasamu, na jua lilikuwa zuri, na Bwana Stoo akalichukulia kuwa neno la utani kama mengine.

Mwezi haukufika mwisho. Msusi aliamka na homa, mchana akaacha kula, jioni akaanza kuchanganya majina ya watu. Sista alikuja, akamkagua, akamtoa Bwana Stoo nje akamwambia aite watu wake. Simu ilimkuta Kidoti kazini, na akatoka vilevile na sare ya hoteli. Dada mtu hakulia kwa maumivu hata mara moja, hilo Bwana Stoo alilisimamia kwa saa na kwa kipimo, bila kukosea. Alikufa ametulia, mkono wake mikononi mwa kaka yake, wakati basi la binti yake bado liko njiani.

Siku ya mazishi watu walijaa uani. Kila aliyemshika mkono Bwana Stoo alimpa pole na juu ya pole akamwongezea sifa. "Kaka kama wewe ni wachache." "Umemtunza, tumeona wenyewe. Mungu atakulipa." Alipolisikia neno hilo la mwisho alishindwa kuitikia amina. Wengine wakadhani ni uchungu wa msiba, na kweli ulikuwa uchungu, ila si ule walioufikiria.

Kidoti alikuwa chumbani, kwenye kitanda kilichobaki godoro tupu. Alikuwa hajalia tangu afike. Mjomba wake alipoingia, alimsogezea nafasi, akamshika mkono.

"Mjomba, siku ile alinifukuza. Niambie ukweli. Nilimfanya nini?"

Angeweza kusema ni ugonjwa. Nusu yake ingekuwa kweli, na huyu binti ndiye damu pekee iliyomsalia duniani. Alimtazama ile alama shavuni. Kisha akamwambia yote: nusu ya kipimo, uongo wa dirishani, chupa kabatini, na kwamba asubuhi ile alipokuwa akimpigapiga begani, dawa ambayo ingemwezesha mama yake kuvumilia kuchanwa ilikuwa hatua chache kutoka pale walipokuwa wamesimama.

Kidoti aliuondoa mkono wake, taratibu, akauweka mapajani.

"Kwa hiyo hakunichukia."

"Hakukuchukia hata kidogo. Alikuwa anaumwa. Na aliyemfanya aumwe ni mimi."

"Ulikuwa wapi alipopiga yowe?"

"Mlangoni."

Ndipo akalia, kwa sauti, kama mtu aliyetua mzigo mzito na wakati huohuo akamtambua aliyemtwika. Bwana Stoo hakujua kama bado ana haki ya kumgusa. Akabaki ameishika mikono yake mwenyewe.

"Na ile likizo," alisema baadaye, "nayo ni mimi."

"Hiyo naijua. Uliniambia kwa mdomo wako." Alifuta uso kwa mkono wa ile sare. "Wamenipa yote, mjomba. Siku zote. Sijui nikae na nani."

Nje watu walikuwa wanasogeza viti. Mjomba wake alikuwa ameshainuka aende zake aliposikia, "Kaa." Akakaa. "Zile siku alizokuwa mzima. Alifanya nini? Nianzie siku ya kwanza."

Bwana Stoo akaanzia kwenye chai iliyoonyeshwa majani. Akamwambia habari ya kiti mbele ya nyumba, wanawake waliokuwa wakiitwa kama washtakiwa, bibi harusi na viatu vyake, na ile mistari miwili ambayo mama yake alisema mikono bado inamtosha kuisuka. Kidoti alicheka mahali ambapo mama yake angetaka acheke, na kila mara kicheko kilikatika njiani. Hakumwambia mjomba wake kwamba amemsamehe, wala yeye hakuomba. Alisimulia tu, hakubakiza kitu, na kila alichokisimulia kilikuwa kitu ambacho binti huyu angekiona kwa macho yake mwenyewe.